Kompyuta ya Taifa na Ngome ya Bi. Tausi

Haya yalitokea katika nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukiiona kupitia dirisha la nyumba yako, usiseme umeonyeshwa. Inaitwa Jamhuri ya Utulivu. Ina bendera, ina wizara thelathini na nne, na ina Chama cha Sataranji ya Barua, chenye mwenyekiti, makamu watatu, mlezi, katibu na mchezaji mmoja.

Mchezaji mwenyewe alikuwa Bi. Tausi Mligo, mshona sare za shule wa mji wa Kikwaju. Sataranji ya barua, kwa asiyeijua, ni sataranji ile ile ya ubao na kete, ila wachezaji hawaonani. Huyu anacheza hatua moja, anaiandika kwenye kadi, anabandika stempu, anapeleka posta, halafu anakaa kusubiri. Mwenzake akijibu ndani ya siku thelathini, mchezo unaendelea. Asipojibu, kashindwa. Ni mchezo wa watu wenye subira, ndiyo maana serikali ya Utulivu iliupenda mno, ikautangaza kuwa mchezo wa taifa, kisha ikausahau.

Huu ulikuwa mwaka wa nne Bi. Tausi akicheza mchezo mmoja na Bwana Evaristi Nkwabi wa nchi jirani ya Mshikamano. Ubao wake ulikaa juu ya kabati la vitambaa, kando ya cherehani. Kete mbili zilishapotea, mahali pake akaweka kifungo cha koti na kastabini yake ya kushonea. Alifikiri huku akikanyaga cherehani, na wateja wake walijua kwamba ukimkuta anashona kaptura midomo ikimchezacheza, usimsemeshe, la sivyo mtoto ataenda shule na mifuko iliyofungwa.

Jumatatu moja kadi ya Bwana Nkwabi ikafika. Bi. Tausi akaisoma, akasogeza kete, akarudi kwenye kaptura. Akakanyaga cherehani mara mbili, akasimama. Aliona kitu. Akiitoa bure ngome yake, moja ya kete zake kubwa, akamwachia Nkwabi aile, basi hatua nne baadaye mfalme wa Nkwabi hana pa kukimbilia. Akakagua. Akakagua tena. Akakagua mara tisa, mpaka mwenye kaptura akaja akaondoka. Hakukuwa na tundu popote. Alikuwa ameshinda.

Sasa, mtu mwingine angefurahi akaenda kulala. Bi. Tausi alikaa chini akaushika ubao kwa mikono miwili, na alikuwa na sababu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane na hakuwahi kushinda kitu kikaandikwa kwa jina lake. Shuleni aliongoza mtihani, zawadi ikatolewa kwa darasa zima, yaani kwa mwalimu wa darasa. Kwaya aliyoianzisha yeye ilichukua kombe, na kombe likachongwa jina la mfadhili aliyekuja siku hiyo kwa bahati mbaya akitafuta njia. Sare anazoshona hubandikwa lebo ya duka moja la mji mkuu. Mahali pekee ambapo jina lake lote liliandikwa kwa wino ni kwenye daftari la wanaochelewa mikutano ya mtaa, tena hapo waliligeuza wakaandika Mligo Tausi. Lakini Chama cha Sataranji kilikuwa na Kitabu cha Washindi, cha jalada gumu, chenye kurasa mia mbili na hakuna hata moja iliyoandikwa. Alilitaka jina lake liwe la kwanza mle ndani. Alilitaka kwelikweli, na wala hakuona aibu kulitaka.

Kesho yake asubuhi akavaa kanga mpya akaenda posta na kadi yake. Karani wa posta akaigeuza mbele na nyuma, akamrudishia. Akamwambia haina muhuri wa kompyuta.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwezi ule Katibu wa Chama, Bwana Sefania Ndimbo, alikuwa ametoka semina ng'ambo, akarudi na begi, kofia na swali. Swali lilikuwa hili: je, katika sataranji ya barua, msaada wa kompyuta unaruhusiwa? Kule ng'ambo alisikia wapo wanaoruhusu na wapo wanaokataza. Angeweza kumuuliza mchezaji, maana alikuwa mmoja na alikaa mtaa wa pili. Lakini katika Jamhuri ya Utulivu swali likishaandikwa haliteremshwi chini, linapandishwa juu. Likapanda.

Waraka wa kwanza ukashuka ukisema ni marufuku, kwa kuwa kompyuta ni kitu kigeni na msimamo wake haujulikani. Wiki haijaisha, Wizara ikapata habari kwamba Mshikamano nao wamekataza. Ikaona aibu kufanana na jirani. Waraka wa pili ukaruhusu. Siku tatu baadaye mkubwa mmoja, ambaye hakutajwa jina lakini aliandikwa kwa herufi kubwa, akauliza ni mwananchi gani huyo ambaye serikali imemruhusu kitu na yeye hakitumii. Anaidharau ruhusa? Waraka wa tatu ukasema kwamba kuanzia sasa msaada wa kompyuta ni wa lazima, na kadi yoyote isiyo na muhuri wa kompyuta isipokelewe posta. Ikanunuliwa Kompyuta ya Taifa, ikapelekwa Kikwaju kwa kuwa huko ndiko aliko mchezaji, ikaundiwa ofisi.

Bi. Tausi akaenda ofisini. Akakuta wafanyakazi kumi na mmoja, akiwemo dereva, ingawa gari halikuwepo. Mkuu wa ofisi alikuwa Bwana Hilari Chambo, mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja sikioni. Akampokea vizuri, akampa kiti, akamwonyesha kompyuta kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Ilikuwa juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na ile nailoni iliyokuja nayo bado haijabanduliwa. Bi. Tausi akauliza mbona haiwaki. Bwana Chambo akaeleza kwa upole kwamba kompyuta haiwezi kuwashwa kabla ya kuzinduliwa, na haiwezi kuzinduliwa bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana ratiba. Lakini kuzinduliwa ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo lingine. Kazi ilikuwa inaendelea.

Bi. Tausi akasema yeye haombi msaada, hatua ameshaiona mwenyewe, anaomba muhuri tu.

"Mama yangu," akasema Bwana Chambo, "ukisema umeiona mwenyewe, mimi sijakusikia. Muhuri unasema umesaidiwa. Sasa nikigonga muhuri na hujasaidiwa, si nitakuwa nimeongopa kwa mali ya serikali?"

"Basi inisaidie sasa hivi niondoke. Siku zinakwenda, baba."

"Hapana, siyo hapa. Huu ni mchezo wa barua. Na msaada wake lazima uwe wa barua."

Bi. Tausi alidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Akapewa fomu ya kumwandikia kompyuta, akaambiwa asiiache pale dirishani, aipeleke posta, iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Akavuka, akanunua stempu, akaitumbukiza. Akiwa bado anafunga pochi yake akamwona tarishi wa Bwana Chambo anavuka kuja kuichukua. Wakasalimiana.

Fomu ile ilikuwa na vipengele ishirini na viwili. Cha tisa kilisema: Mwombaji aandike jibu analolitarajia kutoka kwa kompyuta. Hapo Bi. Tausi aliandika hatua yake yote, kwamba ngome ikile kitunda, ile kete ndogo, kilicho mbele ya mfalme, akaichorea na ubao kwa rula, kifungo na kastabini vikiwemo.

Jibu la kwanza lilimfikia siku ya kumi. Lilipigwa kwa mashine ya taipu, maana ofisi nzima ilikuwa na mashine moja inayofanya kazi na haikuwa kompyuta. Lilisema: "Mimi Kompyuta nimeipokea barua yako na ninaifanyia kazi. Nakutakia afya njema." Chini pametiwa sahihi, ndefu, yenye mkia. Aliyezipiga barua za kompyuta alikuwa Bi. Generoza, mpiga taipu, mama wa makamo asiyesema sana, ambaye wanawe wawili walishonewa sare na Bi. Tausi. Aliyezitunga ni kikao.

Jibu la pili likafika siku ya kumi na saba. Kompyuta ilitaka kujua kwa nini mwananchi anataka kutoa ngome nzima kwa ajili ya kitunda kimoja, na kama amefikiria majirani watasema nini. Bi. Tausi akakasirika, akashona mkono wa shati mahali pa kola, akaufumua, kisha akakaa akaandika kurasa tatu. Akaeleza hatua kwa hatua: akila hivi, mimi nakwenda hapa, akikimbilia kule, mimi namziba hapa. Aliandika polepole, kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza, na mwisho akauliza kama imeeleweka. Akavuka barabara, akanunua stempu.

Siku ya ishirini na tatu kompyuta ikajibu kwamba imeelewa kwa sehemu kubwa, ila imegawanyika. Wajumbe sita wa kompyuta wameunga mkono, wanne wamepinga, na dereva ameomba muda. Iliuliza pia, kwa nia njema, kama isingewezekana kutoa ile kastabini badala ya ngome.

Usingizi ukamtoroka Bi. Tausi. Alihesabu siku kwa kugusa vifungo ndani ya kopo. Siku ya thelathini saa kumi jioni posta ingefungwa, na kadi ikikosa muhuri wa posta wa siku hiyo, Nkwabi angekuwa mshindi bila kusogeza hata kitunda. Miaka minne yote ingekwenda na maji, naye ndiye aliyekuwa ameshinda. Akaandika barua nyingine, fupi: "Ndugu Kompyuta, ngome. Naomba. Ni ngome." Akavuka barabara.

Siku ya thelathini saa nane mchana tarishi akamletea bahasha mpaka nyumbani, akitweta. Muhuri ulikuwepo, mkubwa, wa rangi ya zambarau. Bi. Tausi akashusha pumzi. Kisha akasoma kadi mpya iliyoambatanishwa, ambayo ndiyo pekee iliyoruhusiwa kutumwa. Ilisema: "Ngome inakula kitunda. Hatua hii ni ya Kompyuta ya Taifa. Mwananchi T. Mligo amekuwa msaidizi."

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Machozi yakamjaa, ya hasira na ya uchungu vyote kwa pamoja. Akitaka asiitume, ashindwe kwa jina lake mwenyewe. Akitaka aitume, ashinde kwa jina la kitu kilichofunikwa kitambaa. Tarishi akamuuliza kama anarudisha jibu. Akamwambia hapana. Saa kumi kasoro dakika sita alikuwa dirishani posta, na kadi ikaenda. Alijiambia mwenyewe kwamba hatua nzuri namna ile haifai kufia kabatini.

Bwana Nkwabi hakungoja zile hatua nne. Aliona kila kitu mara moja, akaandika kadi ya kukubali kushindwa, kadi ya kiungwana kabisa: "Kwa Kompyuta ya Taifa, Kikwaju. Nimecheza miaka arobaini na sijaona ngome iliyotolewa kwa akili kiasi hiki. Nakuvulia kofia." Bwana Chambo aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi, wakaipigia makofi kompyuta kupitia mlangoni. Bi. Tausi alipopelekewa nakala, kwa taarifa, alifunga cherehani siku mbili. Hakuna aliyepata sare.

Kompyuta ilipokwisha kushinda, mgeni rasmi alipata nafasi kwenye ratiba yake mara moja. Mheshimiwa Waziri wa Michezo, Subira na Vifaa angekuja mwenyewe kuizindua kompyuta na kuivisha medali. Uwanja wa mpira ukafyekwa, maturubai yakasimamishwa, wanafunzi wakafundishwa wimbo. Ikabaki jambo moja tu, risala.

Na katika Utulivu hakuna shughuli bila risala. Wanaotembelewa lazima wamsomee mgeni rasmi karatasi ya kumkaribisha, kumshukuru na kuomba vitu, naye akisimama ajibu. Kwa kuwa mshindi alikuwa kompyuta, risala ilipaswa kuwa ya kompyuta. Kikao kikajaribu kuiandika kikakwama, maana hakuna aliyejua hasa kompyuta ilishindaje. Bwana Chambo akamwita msaidizi.

"Iandike wewe, mama," akamwambia. "Wewe umefanya nayo kazi kwa karibu. Ila usisahau kuomba gari."

Bi. Tausi akaenda nyumbani, akakaa mbele ya cherehani, akakanyaga mara mbili. Akaandika.

Asubuhi yake akampelekea Bi. Generoza. Mpiga taipu akaiweka karatasi kando ya mashine akaanza kuipiga, uso hauonyeshi kitu. Alipofika aya ya tatu akasimama. Bi. Tausi akaacha kupumua. Bi. Generoza akafungua droo, akatoa utepe mpya, akaubadilisha ili maandishi yakolee zaidi, akaendelea. Alipomaliza, Bwana Chambo akaipitia kama wakuu wote wanavyopitia risala, yaani aliitafuta sehemu ya gari. Akaiona, ipo. Akatia sahihi.

Siku ikafika. Waziri akaja amechelewa saa nne, jambo lililotafsiriwa kama heshima, kwa kuwa Kikwaju walikuwa wameandaliwa kumsubiri saa sita. Kompyuta ilikaa jukwaani kwenye kiti cha pili kutoka kwa Waziri, na kitambaa chake, na nailoni yake, na chupa ya maji mbele yake. Msaidizi alipewa nafasi nyuma ya maturubai, karibu na wapishi.

Bi. Generoza akasimama kusoma kwa niaba ya kompyuta. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, tambarare, ya kusoma risala.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi Kompyuta ya Taifa nakukaribisha Kikwaju." Makofi. "Mheshimiwa, tangu niletwe hapa sijawahi kuwashwa." Makofi. "Mheshimiwa, katika mchezo huu sikutoa msaada wowote. Kila nilichoandika niliandikiwa kwanza na Bi. Tausi Mligo, mimi nikamrudishia kwa stempu." Makofi marefu, na kutoka upande wa akina mama vigelegele. Waziri alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika na kumnong'oneza mtu kuhusu chakula. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mambo matatu. La kwanza, medali avishwe yeye. La pili, jina lake peke yake liandikwe katika Kitabu cha Washindi. La tatu, gari." Hapo Bwana Chambo akapiga makofi mpaka kalamu ikadondoka sikioni.

Waziri akasimama. Akaisifu kompyuta kwa uzalendo wake. Akasema kompyuta za nchi nyingine huzungumza sana lakini yetu ni ya vitendo. Kisha akasema yale ambayo Waziri husema kila anaposomewa risala, yale aliyowaambia wafuga nyuki Jumanne na mafundi bomba Alhamisi, yakirushwa moja kwa moja redioni:

"Risala yenu nimeisikiliza kwa makini sana. Yote nimeyapokea. Yaliyo ndani ya uwezo wangu nayatekeleza leo hii, hapa hapa, mbele yenu. Lile la gari, tutaliangalia."

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Waziri akachukua medali akaigeukia kompyuta. Hapo ndipo Bwana Chambo, akitaka kujua ni mambo gani hasa yaliyotekelezwa, akaifungua risala na kuisoma kwa mara ya kwanza. Jasho likamtoka. Akaisoma tena, yakawa yale yale, meusi kabisa. Neno la Waziri lilikuwa limeshatoka redioni, na katika Utulivu neno la Waziri likishatoka redioni ni rahisi kuhamisha uwanja kuliko kulirudisha. Akamkimbilia, akamnong'oneza. Waziri alikuwa mkongwe wa kazi hiyo. Hakuacha kutabasamu. Mkono wenye medali ulizunguka taratibu kutoka kwenye kompyuta, ukapita juu ya mkuu wa wilaya aliyekwisha kuinamisha shingo, ukabaki hewani mpaka Bi. Tausi alipotolewa kule kwa wapishi, aproni bado iko kiunoni, kwa kuwa walikuwa wamemwomba akoroge pilau. Akavishwa. Alilia wazi mbele za watu, akiwa na mwiko mkononi.

Magazeti ya kesho yake yalimpongeza sana mshindi wa kweli, yaani kompyuta, kwa unyenyekevu wake wa kukataa medali. Ikapandishwa cheo.

Lakini Kitabu cha Washindi kilikuwa bado. Bwana Ndimbo, yule katibu wa semina, akakileta mpaka kwa Bi. Tausi, akakipangusa vumbi, akakifungua ukurasa wa kwanza. Bi. Tausi akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, Tausi kwanza na Mligo baadaye, akalitazama kwa muda mrefu. Katibu akamwacha alitazame. Kisha akakohoa kidogo, akamwonyesha safu ya mwisho. Ilisema: Eleza msaada wa kompyuta katika mchezo huu. Waraka unasema lazima uwepo, akaeleza kwa unyonge, na risala ya kompyuta yenyewe inasema haukuwepo, na risala imepokelewa na Waziri. Siku tatu hajalala. Safu haiwezi kubaki tupu.

Bi. Tausi akamwambia asijisumbue. Akavuta kitabu, akaandika: "Niliisaidia kadiri nilivyoweza. Ni nzito kuelewa."

Bwana Ndimbo akasoma, akaangalia kama safu imejaa, akagonga muhuri.